Kuunganisha hati zilizoskaniwa na lahajedwali: kwa nini viungo hukatika

Mpangaji anapohama huja kudai amana yake, ile ambayo wengi Nairobi huiita dipositi, na hapo ndipo ofisi ya wakala wa nyumba hujulikana kama ina kumbukumbu au ina makaratasi tu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika ofisi moja ya namna hiyo, ghorofa ya tatu karibu na River Road, inayokusanya kodi za ploti, yaani majengo ya nyumba za kupanga, za Kayole, Umoja na Donholm. Karani wa hapo alikuwa ametumia miezi minne kuskani mikataba na risiti, kazi ya kusifiwa, na katika Excel kila mpangaji alikuwa na mstari wake, na mwisho wa kila mstari palikuwa na neno "Mkataba" lenye rangi ya buluu na kupigiwa mstari chini. Aliyekuja kudai siku hiyo alikuwa amelipa amana ya shilingi 18,000, na mstari wake ulisema hivyo. Karani akabofya lile neno la buluu, na kompyuta ikamjibu kwamba haiwezi kuifungua faili hiyo. Akabofya la mpangaji wa chini yake, jibu likawa lile lile. Mikataba yote iliyoskaniwa ilikuwa ndani ya kompyuta hiyo hiyo na hakuna hata mmoja uliokuwa umefutwa, ila wiki moja kabla ya hapo ofisi ilikuwa imenunua kompyuta mpya, na aliyehamisha kazi kutoka ile ya zamani aliiweka folda ya mikataba mahali pengine.

Kisa hicho kinaonyesha vizuri mahali ambapo fikra za wengi hupotoka katika jambo hili. Lile neno la buluu halikuwa limefungwa kwenye mkataba. Lilibeba maelekezo ya njia tu: anza kwenye diski C, ingia kwa mtumiaji fulani, fungua folda fulani, humo utakuta faili yenye jina fulani. Ni maelekezo ya aina ile tunayopeana mjini, kwamba shuka kituo cha pili, kata kushoto penye kibanda cha M-Pesa, kisha utaona geti jeusi. Kibanda kikihamishwa mgeni hupotea ingawa nyumba ingali imesimama pale pale, kwa kuwa alichopewa kilikuwa njia. Kiwanja chenyewe kina nambari ya usajili wa ardhi ambayo haijali vibanda vinavyokuja na kuondoka. Kuiunganisha hati na rekodi kwa namna inayodumu ni kuipa kwanza hati nambari ya aina hiyo, kisha kuiachia kompyuta itengeneze maelekezo ya njia kutokana na nambari, kila yanapohitajika.

Tukubaliane juu ya maneno machache. Ninaposema lahajedwali nina maana ya kazi inayofanywa kwa Excel, Google Sheets au LibreOffice Calc. Mstari ni ule unaolala, wenye habari za kitu kimoja. Safu ni ile inayosimama, yenye habari za aina moja. Seli ni kijisanduku ambamo hivyo viwili hukutana. Jalada litakuwa lile la karatasi lililo kabatini, na faili itakuwa ile iliyo ndani ya kompyuta, ingawa mitaani vyote viwili huitwa faili na mchanganyiko huo huchangia matatizo kuliko inavyodhaniwa.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kuipachika picha ya hati ndani ya lahajedwali yenyewe ili isiweze kupotea. Tufanye hesabu. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, kipimo kinachotumika sana kwa hati za kawaida, huwa na nukta 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu, yaani karibu milioni 8.7, kwa rangi kamili hizo ni takriban megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Hata zikibanwa mpaka zibaki chembe, mikataba mia tatu ya kurasa sita sita itaifanya lahajedwali iwe nzito, ifunguke kwa kusuasua, na siku ikiharibika iende na hati zote kwa mkupuo mmoja. Njia hiyo niliwahi kuitetea zamani. Sasa siishauri kwa yeyote mwenye hati zaidi ya kumi.

Basi tuje kwenye nambari, maana hapa ndipo kazi yote ilipo. Katika ofisi ile ya River Road faili zilikuwa zimepewa majina kwa namna ambayo kila mtu huanza nayo: jina la mpangaji, nambari ya nyumba, na pengine tarehe. Jina la mtu lilishindwa mara moja, kwa sababu ploti moja ilikuwa na akina Wanjiku wawili, na mmoja wa majirani zao aliandikwa Mohamed kwenye mkataba, Mohammed kwenye risiti na Muhamed kwenye lahajedwali. Kwa jicho la karani huyo ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ni watu watatu wasiojuana.

Nambari ya nyumba ilionekana bora, lakini nyumba haihami ilhali wapangaji huhama, kwa hiyo B4 ilikuwa na mikataba mitano ya watu watano, na yote ilitaka jina lile lile. Palikuwa na ubaya mwingine uliojificha. Katika ploti ya Umoja nyumba ziliitwa kwa ghorofa, upande na mlango, kwa mfano 3E2, yaani ghorofa ya tatu, upande wa E, mlango wa pili. Andika 3E2 katika seli ya kawaida ya Excel ubonyeze Enter, nayo itaisoma kama tarakimu ya kisayansi, tatu mara kumi kwa kipeo cha pili, na kukuonyesha 3.00E+02, thamani iliyohifadhiwa sasa ni 300. Nyumba iliyoandikwa 3-4 hugeuka tarehe. Nambari 0417 hupoteza sifuri yake ya mbele na kuwa 417. Hili halijawasumbua makarani wa Nairobi peke yao. Wanasayansi wa vinasaba walikuwa na jeni zilizoitwa MARCH1 na SEPT1, Excel ikawa inazigeuza kuwa tarehe za Machi na Septemba, mpaka mwaka wa 2020 kamati ya kimataifa inayozipa jeni majina ilipotoa mwongozo mpya ambamo jeni za namna hiyo zimebadilishiwa majina. Binadamu waliibadilishia jeni jina ili lahajedwali itulie. Karani wa kodi naye ana haki ya kubadilisha mtindo wake wa nambari.

Wengine hupenda nambari ya kitambulisho cha taifa kwa kuwa haifanani na ya mtu mwingine. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu haifai kuwa jina la faili. Jina la faili husafiri: huonekana kwenye barua pepe, kwenye orodha iliyochapishwa, kwenye kioo cha kompyuta anapopita mtu wa chai. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, iliyotungwa ili kutekeleza haki ya faragha iliyo katika kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, inamtaka anayehifadhi habari za watu akusanye na kutumia zile tu zinazohitajika kwa kazi iliyopo. Nambari ya kitambulisho ikae ndani ya hati, na ikibidi katika safu moja iliyofungwa, basi.

Msimbo wa M-Pesa nao una herufi na tarakimu kumi na haurudiwi, kwa hiyo ni ufunguo mzuri sana wa malipo. Lakini mkataba hauna msimbo wa M-Pesa, wala barua ya kuhama haina. Uwekewe safu yake katika mistari ya malipo. Usilazimishwe kuzitambulisha hati zote. Nambari za ardhi, ambazo kwa wakala wa viwanja zingeonekana kuwa ndizo zenyewe, zina mkwaju (/) katikati, na Windows haikubali mkwaju katika jina la faili, kama isivyokubali nukta pacha, nyota, alama ya kuuliza na alama nyingine chache. Kwa hiyo mmoja ataandika kistari mahali pa mkwaju, mwingine ataacha nafasi, wa tatu ataunganisha yote pamoja, na baada ya mwaka mmoja kiwanja kimoja kina majina matatu.

Nilichowapendekezea ni nambari isiyo na maana yoyote: H-00417. Herufi H inasimama kwa "hati", na ipo hapo hasa ili Excel ilione neno, isione tarakimu, na sifuri zisiliwe. Tarakimu ni tano ili orodha ijipange yenyewe kwa mpangilio, na nambari hutolewa kwa zamu tu, hati iliyofika kwanza kwanza. Haisemi ni ya nani, ya nyumba gani wala ya mwaka gani. Watu huona hilo ni upungufu, wakitaka nambari inayojieleza, lakini kila maelezo yanayowekwa ndani ya nambari ni kitu kinachoweza kubadilika kesho: ploti huuzwa, nyumba hubadilishwa nambari, hati iliyodhaniwa kuwa ya mwaka huu hukutwa ni ya mwaka jana. Nambari ikibeba habari iliyobadilika, ama unaibadilisha na kukata viungo vyote, ama unaiacha ikisema uongo. Habari zote zina mahali pake, nako ni kwenye safu za lahajedwali.

Jambo hili si geni kwetu. Mzee mmoja aliyestaafu kutoka masjala ya serikali aliwahi kunieleza jinsi walivyofanya kazi kabla ya kompyuta kufika. Kila jalada lilikuwa na nambari ya kumbukumbu, na kila barua iliyoingia jaladani ilipewa nambari ya folio, ikaandikwa kwa wino mwekundu kwenye pembe ya juu kulia, kwa zamu, bila kuruka. Mwenye jalada alipoandika maoni yake alisema "tazama folio 12", na aliyekuja miaka kumi baadaye aliikuta folio 12. Jalada likitoka kabatini liliacha kadi ikisema limekwenda kwa nani. "Barua isiyo na folio," aliniambia, "kwetu ilikuwa haijafika." Huko Marekani mawakili walipata kifaa cha kazi hiyo katika miaka ya 1890, mhuri unaojiongezea nambari kila unapobonyezwa, uliobuniwa na Edwin G. Bates wa New York, na mpaka leo kupiga nambari kurasa za ushahidi huko kunaitwa kwa jina lake. Mhuri wa namna hiyo ungali unauzwa, na ndicho kifaa ninachokithamini kuliko skana.

Sababu ni kwamba nambari ikipigwa kwenye karatasi kabla ya kuskani, picha nayo huibeba. Hapo hati inajulikana kwa njia tatu ambazo hazitegemeani: nambari imo kwenye karatasi, imo kwenye jina la faili na imo kwenye mstari wa lahajedwali. Faili ikipewa jina jingine kwa bahati mbaya, unaifungua na kuisoma nambari kwenye pembe. Lahajedwali ikiharibika, unaweza kuijenga upya kutokana na picha, kwa uchovu mwingi lakini bila kubahatisha. Karatasi ikirudishwa kwenye jalada lisilo lake, itajitaja yenyewe. Kinachofanywa na wengi ni kinyume chake: huskani rundo zima kwanza, skana ikazipa faili majina yake ya Scan0001 na Scan0002, kisha jioni karani akaanza kufungua moja moja akiuliza hii ni ya nani. Mfuatano unaofaa ni kupiga nambari, kuandika mstari, kuskani, kisha kuipa faili jina. Karani akiitwa simu katikati ya kazi, mstari usio na faili utaonekana wazi kesho yake; faili isiyo na mstari haionekani mpaka itafutwe.

Kuskani kwenyewe hakuna mengi. Nukta 300 zinatosha, kijivu kinatosha isipokuwa pale ambapo mhuri wa rangi una maana, na mkataba wa kurasa sita uwe PDF moja, usiwe picha sita zinazozurura. Kitambulisho kiskaniwe pande zote mbili katika faili moja. Kwa hati za kukaa miaka mingi ipo aina ya PDF iitwayo PDF/A, iliyofanywa kiwango cha kimataifa mwaka wa 2005 ili hati iweze kufunguka baadaye bila kutegemea fonti au vitu vilivyo nje yake, na skana nyingi za ofisini zina kitufe chake. Programu za kusoma maandishi kutoka kwenye picha husaidia kutafuta neno ndani ya mkataba uliochapwa. Kwa risiti za kitabu zilizoandikwa kwa kalamu na kupitishiwa kaboni, matokeo yake ni ya kuchekesha.

Sasa muundo wa lahajedwali, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndipo palipo na fundo gumu zaidi. Mwanzoni inaonekana kwamba mstari mmoja wa mpangaji utakuwa na hati moja, yaani mkataba. Mwezi wa kwanza ukiisha kuna risiti, kwa hiyo karani anaongeza safu ya "Hati 2". Kisha inakuja nakala ya kitambulisho, barua ya kuongeza kodi, picha ya bomba lililopasuka, na lahajedwali inaanza kunyooka kuelekea kulia mpaka "Hati 31". Hakuna anayeweza kutafuta kitu humo, kwa kuwa risiti ya Machi ipo safu ya tano kwa mpangaji mmoja na safu ya tisa kwa mwingine. Hatua ya kwanza ya kulifungua fundo ni kuwa na laha mbili, yaani kurasa mbili ndani ya lahajedwali moja. Laha ya Wapangaji ina mstari mmoja kwa kila upangaji, kila mmoja na nambari yake, tuseme P-0093. Laha ya Hati ina mstari mmoja kwa kila hati: nambari yake, tarehe, aina, na safu inayotaja P-0093. Mpangaji akiwa na hati 31, hiyo ni mistari 31 katika laha ya Hati, na ukichuja safu ya mpangaji zote zinajipanga mbele yako.

Nimesema upangaji, sikusema mtu, kwa makusudi. Mtu aliyehama kutoka B4 kwenda C2 ya ploti ile ile ana mikataba miwili, amana mbili na hesabu mbili, na ukimpa nambari moja kama mtu utashindwa kujua barua ya kuhama ilihusu nyumba ipi. Uamuzi wa kitu gani hasa kinachopewa mstari ndio mgumu kuliko fomula zote, na hauwezi kufanywa na kompyuta.

Bado kuna fundo la pili. Ankara ya maji huja moja kwa ploti nzima, na ploti ya Kayole ina milango 24. Hati hiyo ni ya nani? Ukiiandika kwa mpangaji mmoja, wengine 23 hawana ushahidi wa kiasi wanachodaiwa. Ukiirudufu mara 24 utakuwa na faili 24 zenye kitu kimoja, na siku ikigundulika kwamba ankara ilikosewa hutajua ni zipi umerekebisha. Suluhisho ni laha ya tatu, ambayo pale ofisini tuliiita Mafungamano. Ina safu mbili tu: nambari ya hati na nambari ya upangaji. Ankara H-00688 ina mistari 24 humo, kila mmoja ukisema hati hii inahusu upangaji huu. Hati yenyewe ni faili moja, na mstari wake katika laha ya Hati ni mmoja. Laha hiyo ya tatu inaonekana kama kazi bure mpaka siku ya kwanza unapoihitaji, na ofisi isiyo na hati za kushirikiwa inaweza kuishi bila hiyo. Ila sijakutana na ofisi ya namna hiyo.

Nambari zikiwa mahali pake, neno la buluu linakuwa jambo dogo. Folda moja iitwayo Hati inawekwa kando ya lahajedwali, zote mbili ndani ya folda kubwa moja, na PDF zote huingia humo zikiwa na majina ya nambari zao. Kisha katika safu ya mwisho inaandikwa fomula moja inayoburutwa mpaka chini:

=HYPERLINK("Hati\" & A2 & ".pdf", "Fungua")

Kwenye kompyuta nyingi za hapa alama ya kutenganisha ni mkato badala ya nukta-mkato, kwa hiyo ukikataliwa jaribu nyingine. Fomula inasema: chukua nambari iliyo katika seli A2, tanguliza jina la folda, malizia kwa aina ya faili, na uandike neno Fungua. Kwa kuwa haikutaja diski wala jina la mtumiaji, Excel huanza kutafuta pale lahajedwali ilipo. Hamisha folda kubwa yote kwenda kompyuta nyingine au kwenye fleshi, iwe diski C, E au F, na kiungo kitafuata. Ukitaka kuihamisha folda ya Hati peke yake, unabadilisha fomula mara moja na kuiburuta, badala ya kutengeneza viungo mia tatu kwa mkono. Faida nyingine ni kwamba ukiihifadhi lahajedwali kama CSV, yaani faili ya maandishi matupu, viungo vyote hupotea na neno Fungua tu hubaki, lakini nambari iko salama katika safu yake, na kiungo kinaweza kuzaliwa upya popote.

Majina mafupi ya namna hii huepusha pia mitego ya Windows. Njia nzima ya faili, kuanzia herufi ya diski mpaka nukta pdf, kwa kawaida ilikuwa haipaswi kuzidi herufi 260, na folda zilizo ndani ya folda zenye majina kama "Mikataba mipya iliyosahihishwa mwisho kabisa" huzimaliza upesi. Alama ya reli nayo, #, ikiwa ndani ya jina la faili huvunja kiungo cha Excel, kwa sababu Excel huichukua kama mwanzo wa jina la mahali ndani ya faili.

Wanaotumia Google Drive wana hali tofauti kidogo, na kwa upande mmoja bora. Huko kila faili hupewa utambulisho wake na Google, msururu wa herufi usiosomeka ulio ndani ya anwani, na ukiihamisha faili kutoka folda moja kwenda nyingine anwani haibadiliki. Mtego wake ni kufuta na kupakia upya: aliyeskani vibaya akaifuta faili na kupandisha nyingine yenye jina lile lile amepata utambulisho mpya, na kiungo cha zamani kimekufa. Apandishe toleo jipya juu ya faili iliyopo. Na kwa vyovyote safu ya H-00417 ibaki, kwa sababu utambulisho wa Google haumo kwenye karatasi iliyo kabatini.

Hati iliyosahihishwa baadaye isifutiwe ile ya kwanza. Mkataba ukirekebishwa upewe nambari mpya, na katika laha ya Hati iwepo safu isemayo "inachukua nafasi ya", ambamo H-00951 itaitaja H-00417. Yule mpangaji wa shilingi 18,000 alikuwa na mikataba miwili, na mzozo ulikuwa juu ya ule wa kwanza. Mambo yakifika mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinazungumzia cheti kinachoitambulisha rekodi ya kielektroniki na kueleza jinsi ilivyotengenezwa, na ni rahisi zaidi kuandika cheti hicho ukiwa na tarehe ya kuskani na jina la aliyeskani katika safu zake. Karatasi yenyewe pia isichomwe. Sheria ya Taratibu za Kodi inataka kumbukumbu za kodi ya serikali zitunzwe kwa miaka mitano, na mkataba uliotiwa saini una uzito ambao picha yake haiwezi kuudai daima.

Ukaguzi wa mwezi ndio unaoonyesha kama mfumo uko hai. Kwanza zinatafutwa nambari zilizorudiwa, kwa fomula ya COUNTIF inayohesabu nambari iliyo mstarini imetokea mara ngapi katika safu yake. Jibu lolote juu ya moja ni kosa. Kisha zinalinganishwa orodha mbili, ya faili zilizomo kwenye folda na ya nambari zilizomo kwenye laha. Orodha ya folda hupatikana kwa kufungua dirisha la amri la Windows ndani ya folda hiyo na kuandika dir /b > orodha.txt, na usishangae kuikuta orodha.txt yenyewe imo katika orodha, kwa sababu Windows huiumba kabla ya kuanza kuhesabu. Faili zilizomo kwenye folda bila mstari tulizipa jina la hati yatima. Mistari isiyo na faili haikupata jina, lakini ndiyo iliyotuhangaisha zaidi, kwani kila mmoja ulimaanisha kuinuka, kufungua kabati na kutafuta.

Mwezi wa kwanza pale River Road tulikuta hati yatima kumi na moja na mistari kumi na miwili isiyo na faili, na ukaribu wa hesabu hizo ulinitia shaka. Tuliziweka kando kwa kando. Faili kumi na moja zilikuwa na herufi O mahali pa sifuri, H-OO402, H-OO403 na kuendelea, kazi ya mchana mmoja ya kijana wa likizo ambaye hakuna aliyemwambia tofauti. Hizo zilirekebishwa kwa dakika tano. Ule mstari wa kumi na mbili ulikuwa H-00417, mkataba wa kwanza wa yule mpangaji, uliopigwa mhuri na kuandikwa mstarini lakini haukuwahi kuskaniwa, nao ulikutwa ndani ya jalada la C2 ukiwa na nambari yake nyekundu kwenye pembe ya juu kulia.